Jua la Mchana na Taa ya Usiku

*Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe za miaka 10 ya Chama Kikuu, na kuchapwa humu kwa ombi la Kamati ya Sherehe*



Miaka 10 ni michache katika umri wa mnazi, lakini ni mingi katika umri wa chama cha wakulima. Wazee walioketi hapa wanakumbuka jinsi vyama vikuu vya nchi hii vilivyovunjwa mwaka 1976, na jinsi sheria ya mwaka 1982 ilivyovirudisha tena. Nao wanajua, kuliko sisi tuliozaliwa baadaye, kuwa chama huishi kwa hesabu inayosomeka na kila mwanachama, hata yule ambaye hesabu yake yote ni gunia moja la ufuta.

Nimeombwa niseme juu ya shauri lililo mbele ya Mkutano Mkuu wetu, yaani kuweka paneli za umeme wa jua juu ya paa za ofisi na maghala ya Chama, na kuzisaidia shule na zahanati za vijiji vyetu kufanya vivyo hivyo. Shauri hili ni jema, nami naliunga mkono. Lakini fedha inayotajwa ni fedha ya mkulima, iliyokatwa kidogo kidogo katika kila kilo ya korosho iliyopita mizanini. Kwa hiyo yatupasa tuulize swali moja kabla ya kuinua mikono. Nalo si “Jua lipo?”, maana kila mtu wa mwambao analijua jua letu. Swali ni hili: je, umeme wa jua utakuja saa ile tunayouhitaji?

KWA NINI JUA KATIKA NCHI YA GESI

Yamkini mjumbe mmoja atasema, “Sisi watu wa Kilwa tuna gesi, jua la nini?” Ni kweli gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikipita katika bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Jirani zetu wa Mtwara wanayo gesi ya Mnazi Bay. Na kaskazini yetu, katika mto Rufiji, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Nchi yetu haikunyimwa nguvu.

Lakini nguvu iliyoko mtoni au chini ya bahari sharti isafiri hadi kwenye taa ya mwalimu wa Njinjo au Mchinga, na safari hiyo ni ndefu. Nchi nzima iliujua mgawo wa umeme wa mwaka 2023. Na mwezi wa Mei mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, na magari yakakwama pande zote mbili. Mwenye jenereta hakuwa na njia ya kuleta dizeli. Jengo lenye nguvu yake juu ya paa lake halitoki katika nchi. Linabaki na gridi, ila halipigi magoti kila gridi inapokohoa. Hiyo ndiyo faida ya kwanza. Faida ya pili ni kupungua kwa fedha tunazoingiza katika LUKU. Faida zote mbili hutegemea jambo moja, yaani kulinganisha saa za jua na saa za matumizi.

JUA NA SAA ZAKE

Sisi tuko kusini ya mstari wa Ikweta, Kilwa Masoko karibu na digrii 9 na mji wa Lindi karibu na digrii 10. Kwa sababu hiyo mchana wetu haupungui sana wala hauongezeki sana. Mwezi wa Juni ni kama saa 11 na nusu, na mwezi wa Desemba hukaribia saa 12 na dakika 45. Mtu wa Ulaya ya kaskazini, ambaye mchana wake wa baridi hufupika hadi saa 7 au 8, angetuonea wivu.

Tena jua husimama utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, katika nusu ya pili ya Februari, na mara nyingine katika nusu ya pili ya Oktoba. Wajumbe, itazameni Oktoba hiyo. Mvua za kusini bado hazijaanza, mbingu ni nyeupe, jua liko juu ya kichwa. Na ndio wakati ambapo korosho zinaingia maghalani, mizani haipumziki, kompyuta zinaandika stakabadhi, na minada, ambayo tangu msimu wa 2024/2025 huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, haiwezi kungoja umeme urudi. Ufuta nao huja katika miezi ya kiangazi, baada ya masika kwisha. Na masika yenyewe, wakati mawingu yanapoweza kushusha umeme wa paneli hata nusu ya kawaida, ofisi zetu huwa na kazi ndogo. Kwa kalenda ya mwaka, basi, jua na ushirika wa mwambao huu wamekwisha kuoana, wala hatukuwalipia mahari.

Ugomvi uko katika kalenda ya siku. Paneli huamka pamoja na jua saa 12 asubuhi, ikiwa na nguvu kidogo sana. Hupanda hadi kilele chake baada ya saa 6 mchana. Kwa hakika kwetu jua hufika kilele kama dakika 20 baada ya saa 6, kwa kuwa saa ya nchi yetu imepimwa kwa mstari ulio mashariki mwetu. Kisha hushuka, na saa 12 jioni hulala. Tangu hapo hadi alfajiri haitoi kitu. Taa ya bweni, kwa upande wake, huwashwa saa ile ile paneli inapolala.

MAJENGO MAWILI, PAA MOJA

Ili maneno yasipae hewani, nitatoa mfano wa kubuni. Hesabu zake nimezifanya nyepesi ili kila mmoja wetu aweze kuzifuata kwa kidole.

Tuchukue paneli za kilowati 20. Katika pwani yetu kilowati moja ya paneli, siku ya kawaida, yaweza kutoa kama uniti 4. Basi kilowati 20 zitatoa uniti 80. Kati ya hizo, uniti 22 zitapatikana katika saa mbili za katikati ya mchana peke yake, na saa ya kwanza na ya mwisho zitatoa uniti moja moja tu.

Jengo la kwanza ni ofisi ya chama pamoja na ghala lake. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni linatumia kilowati 8 kwa kompyuta, feni, mizani na mashine za kupoza hewa. Saa zilizobaki linatumia kilowati 1 kwa taa za walinzi na jokofu. Ukijumlisha, jengo hili hutumia uniti 80 kwa siku.

Jengo la pili ni bweni la shule. Usiku na mchana linatumia kilowati 2, isipokuwa kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, wanafunzi wanaposoma, maji yanapopampuliwa na nguo kupigwa pasi. Saa hizo nne linatumia kilowati 10. Nalo, ukijumlisha, hutumia uniti 80.

Sasa muuzaji wa paneli atakuja na karatasi yake, atasema, “Mnatumia 80, paneli zatoa 80, mmemaliza shida ya umeme.” Kwa hesabu ya jumla hakusema uongo. Lakini tuipitie siku saa kwa saa. Ofisi itatumia moja kwa moja uniti 64 kati ya 80, yaani nne kwa tano, na uniti 16 zitakosa mtumiaji. Bweni litatumia moja kwa moja uniti 22 tu, zaidi kidogo ya robo, na uniti 58 zitakosa mtumiaji, huku bweni lenyewe likinunua uniti 58 nyingine, karibu zote usiku. Paneli ni zile zile, bei ni ile ile, jua ni lile lile. Kilichotofautiana ni saa.

Wala ofisi isijivune. Jumamosi na Jumapili hufungwa, na paneli hazijui siku ya mapumziko. Katika siku hizo mbili ofisi itatumia uniti 12 tu kwa siku. Kwa juma zima itakuwa imetumia uniti 344 kati ya 560, kama tatu kwa tano. Bweni halifungi Jumapili. Tulishike jambo hili, tutalirudia.

Shida hii si ya wanyonge peke yao. Huko California, nchini Marekani, wasimamizi wa gridi walichora mwaka 2013 mchoro wa mahitaji yao baada ya kutoa umeme wa jua, wakaona umetokea mfano wa bata: tumbo limeshuka mchana, na shingo imepanda ghafula jioni. Sisi bata wetu tutamjua kabla hajaanguliwa, tukitaka.

NUSU YA KWANZA NA NUSU YA PILI

Somo la kwanza litokalo katika mfano ule ni la kipimo. Tuseme ofisi, badala ya kilowati 20, ingenunua kilowati 10. Paneli hizo zingetoa uniti 40 kwa siku, na ofisi siku ya kazi ingetumia moja kwa moja uniti 38 na nusu. Karibu hakuna kinachopotea. Ikiongeza kilowati 10 nyingine, ipate 20, matumizi ya moja kwa moja yatapanda kutoka 38 na nusu hadi 64. Nusu ya pili ya paneli, basi, imeleta uniti 25 na nusu tu, ingawa bei yake ni sawa na ya nusu ya kwanza.

Kwa maneno ya nyumbani, paneli ya kwanza ni ng'ombe wa maziwa, na paneli ya mwisho ni ng'ombe anayekamuliwa wakati hakuna mtungi. Chama chenye busara huanza na kipimo kidogo, huangalia, kisha huongeza. Paneli zina uzuri huu, kwamba huongezeka kidogo kidogo; hazifanani na bwawa, ambalo haliwezi kujengwa nusu. Lakini mafundi waambiwe mapema, ili nyaya, na nafasi juu ya paa, vitosheleze nyongeza ya kesho.

NJIA NNE ZA KULIPATANISHA JUA NA KAZI

Njia ya kwanza ni kuihamisha kazi iifuate nguvu. Babu zetu walikuwa mabingwa wa jambo hili. Jahazi lilingoja kaskazi lije, likangoja kusi liondoke; hakuna nahodha wa Kilwa aliyeamrisha upepo, na biashara ikafika Uarabuni na Bara Hindi. Wakulima wetu huanika korosho wakati wa jua, na wenye mashamba ya chumvi huyategemea maji ya bahari na jua, wala hawachemshi chumvi usiku wa manane. Katika bweni lile la mfano, tuseme uniti 12 kati ya zile za jioni ni za kupampu maji na kupiga pasi. Mwalimu akiamuru pampu ifanye kazi kati ya saa 4 na saa 8 mchana na kujaza tangi lililo juu, na pasi zipigwe mchana wa Jumamosi na baada ya masomo mapema, basi matumizi ya moja kwa moja hupanda kutoka uniti 22 hadi kufikia 34. Kazi hiyo haikuhitaji betri. Ilihitaji amri ya mwalimu na tangi la maji.

Tangi hilo ni akiba, kama vile visima na mabirika ya mawe mgeni ayaonayo katika magofu ya Kilwa Kisiwani yalivyokuwa akiba ya mji. Barafu nayo ni akiba. Soko la samaki likigandisha barafu mchana, limeweka jua la saa 6 ndani ya kasha la saa 2 usiku. Shirika la Afya Duniani limekwisha kupitisha majokofu ya chanjo yanayounganishwa na paneli moja kwa moja. Mchana hugandisha barafu katika kuta zake, na barafu hiyo hulinda chanjo usiku na siku za mawingu. Katika zahanati za mwambao hili ni jambo kubwa, maana kiungo kilichokuwa kikifa kwanza katika majokofu ya zamani ya jua kilikuwa betri.

Njia ya pili ni kulielekeza paa. Kwa kuwa tuko kusini ya Ikweta, paneli ikielekezwa kaskazini kwa mwinamo mdogo wa digrii kama 10 hupata jua jingi kwa mwaka, na mvua huiosha. Lakini ghala lenye paa la migongo miwili, mmoja mashariki na mmoja magharibi, lisidharauliwe. Jua letu liko juu sana, hata paneli zilizolala kidogo upande wa mashariki na magharibi hazipotezi mengi, bali hupunguza kidogo kilele cha mchana na kuongeza umeme wa asubuhi na wa alasiri. Kwa ofisi inayofungua saa 2, umeme wa asubuhi una thamani kuliko ziada ya saa 6.

Njia ya tatu ni betri. Betri ni rafiki wa lazima, lakini ni rafiki wa gharama, na hurudisha kidogo kuliko ilichopewa. Yafaa ipimwe kwa kazi ambayo haiwezi kuhamishwa, kama vile taa ya chumba cha kujifungulia, taa za kusomea, simu na mlinzi. Wajumbe wajue pia tofauti ya aina zake. Betri za asidi na risasi hazipendi kutolewa zaidi ya nusu ya akiba yake. Anayehitaji uniti 16 kila usiku hana budi kununua betri ya uniti 32. Betri za lithiamu huvumilia kutolewa sehemu kubwa zaidi, na uniti kama 20 zaweza kumtosha. Bei yake ya kwanza ni kubwa, ila huishi miaka mingi zaidi.

Njia ya nne ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wa ushirika, nayo ni kuungana. Turudi kwenye ofisi na bweni. Tuseme vimejengwa jirani, na paneli zile zile za kilowati 20 zinahudumia majengo yote mawili. Mchana ofisi na bweni kwa pamoja wanahitaji kilowati 10, asubuhi na jioni kilowati 3. Pitieni saa kwa saa mtaona kuwa kati ya uniti 80, uniti 77 zimepata mtumiaji. Zilizopotea ni 3. Na Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa, jirani hajafunga. Hakuna kilichonunuliwa zaidi ila waya wa kuunganisha, mita ya kugawia hesabu, na mapatano kati ya majirani. Hapo tukiambiwa kuwa umoja ni nguvu, tutajua kuwa si methali tu, ni kilowati.

Mahali ambapo majengo hayako jirani, gridi yaweza kuwa waya huo. Chuo Kikuu cha Strathmore, mjini Nairobi, kiliweka mwaka 2014 paneli za kilowati 600 juu ya paa zake, na mwaka uliofuata kikatia saini mkataba wa kuiuzia Kenya Power umeme unaozidi. Chuo ni mfano mzuri, maana madarasa na ofisi hutumia umeme mchana, na mwisho wa juma ziada hutoka nje. Katika nchi yetu kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zilifungua mlango wa mwenye mtambo wake kupeleka ziada katika gridi na kuhesabiwa. Masharti yake yasomwe na mwanasheria wa Chama, na TANESCO iulizwe kwa barua, kabla mtu yeyote hajaingiza mapato hayo katika bajeti.

UMEME UKIKATIKA

Hapa naomba usikivu wenu, kwa kuwa watu wengi wameingia hasara kwa kutolijua jambo hili. Mtambo wa jua uliounganishwa na gridi bila betri, na bila inveta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, hujizima gridi inapozimika, hata kama jua liko utosini. Hilo ni agizo la usalama. Bila hivyo, umeme wa paa lako ungerudi katika waya za barabarani na kumwua fundi aliyepanda nguzoni akijua waya hauna kitu.

Maana yake ni kwamba jengo laweza kuwa na paneli nyingi za kupunguza gharama, na bado mama akajifungua gizani. Kupunguza gharama na kulinda huduma ni mambo mawili, na kila moja lina vifaa vyake. Kwa ofisi yetu, inayotaka hasa kupunguza gharama, paneli na betri ndogo ya kompyuta za mnada zinatosha. Kwa zahanati mpango ni kinyume. Kwanza ziandikwe taa na vifaa ambavyo kuzimika kwake ni hatari ya maisha. Hivyo vipewe waya wao wa peke yao, betri yao, na inveta inayoweza kusimama bila gridi. Feni ya mhasibu na birika la chai la mganga visiingizwe katika waya ule. Zahanati nyingi zimepoteza betri zao kwa sababu ya waya mmoja uliobeba kila kitu, pamoja na simu za kijiji kizima.

CHUMVI, JOTO NA FUNDI

Pwani yetu ina adui wawili wa mitambo hii. Wa kwanza ni joto. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na joto la digrii 25. Juu ya paa la bati la Lindi mchana yaweza kufika digrii 60, na hapo hupoteza kama asilimia 14 ya nguvu yake. Iwekwe juu kidogo ya bati ili upepo upite chini yake. Betri nayo isifungiwe katika stoo isiyo na dirisha. Mafundi wa betri za asidi wana kanuni yao kuwa kila digrii 10 za joto zinazozidi hukata umri wa betri karibu nusu.

Adui wa pili ni chumvi. Misumari na vyuma visivyo vya aina ya kustahimili upepo wa bahari huliwa kwa miaka michache. Mkataba utaje vyuma hivyo kwa maandishi. Vumbi lioshwe kwa maji baridi asubuhi na mapema, kabla kioo hakijapata moto.

Na juu ya fundi, tusidhani lazima atoke mbali. Katika miaka ya 2010 wanawake wa vijiji vya mikoa yetu ya Lindi na Mtwara walipelekwa katika chuo cha Barefoot College, huko Tilonia nchini India, wakajifunza kuunganisha na kutengeneza mitambo ya jua, wakarudi kuwasha taa katika nyumba za vijiji vyao. Wengi hawakuwa na elimu kubwa ya darasani, na wengine walikuwa mabibi wenye wajukuu. Kama bibi wa kusini aliweza kwenda Rajasthan na kurudi fundi, chama chenye maelfu ya wanachama kitakosaje vijana wanne wa kufunzwa VETA kwa kazi hii? Wengi wetu tumeona paa lenye paneli zinazong'aa na chumba chini yake cheusi, kwa sababu betri ilikufa na hakuna aliyetenga fedha ya kununua nyingine. Mtambo usio na mfuko wa matengenezo ni zawadi, na zawadi huisha.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya Mkutano mambo matano.

1. Kabla ya kununua paneli yoyote, kila jengo lifungiwe mita inayoandika matumizi kwa saa, na daftari lake litunzwe mwaka mzima, ili msimu wa korosho, msimu wa ufuta na masika vyote vionekane. Mita ni rahisi; kununua mtambo usiofaa ni ghali.

2. Tuanze na ofisi na ghala kuu, kwa kipimo kisichozidi matumizi ya mchana wa siku ya kazi, na nafasi ya nyongeza iachwe.

3. Mahali ofisi ya chama cha msingi ilipo jirani na shule au zahanati, mpango uwe mmoja na mita za kugawia hesabu ziwe wazi kwa pande zote mbili.

4. Kila zahanati itakayosaidiwa iwe na waya wa peke yake wa huduma za kuokoa maisha, wenye betri yake.

5. Sehemu ya fedha iliyookolewa katika LUKU kila mwezi iwekwe katika mfuko wa matengenezo, na taarifa yake isomwe katika Mkutano Mkuu pamoja na taarifa ya korosho.

Wako watakaosema kuwa kupima mwaka mzima ni kuchelewa. Nawajibu kwa heshima kuwa mkulima hapandi mkorosho leo akadai korosho kesho. Hungoja miaka mitatu au zaidi, naye hatumwiti mzembe. Mwaka mmoja wa kupima ni mfupi mbele ya paneli zitakazokaa juu ya paa miaka 25.

Bwana Mwenyekiti, jua lilikuwa likitukaushia korosho kabla ya kuwapo chama chochote, na halikututumia hati ya madai. Litaendelea kuchomoza saa 12 na kutua saa 12, wala halitabadili desturi yake kwa azimio la Mkutano Mkuu. Tunaoweza kubadili desturi ni sisi: saa ya kupampu maji, saa ya kugandisha barafu, mahali pa kuweka betri, na jirani wa kugawana naye. Chama kilichoweza kuwakusanya wakulima wa Kilwa na Lindi kuuza kwa sauti moja miaka 10 hii hakishindwi na kazi hiyo.

Nawapongeza viongozi na wanachama kwa miaka 10 na nawaombea nyingine nyingi zenye mavuno.